Mgema na Msifuji: Je, Taifa Linaloinukia Liziamini Sifa za Mshirika Mwenye Nguvu?

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili kuhusu sifa ambazo ni nadra kuwekwa pamoja. Ya kwanza inajulikana na kila mwanafunzi wa shule: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ya pili haina umaarufu wa ya kwanza, ingawa uzito wake si haba: asifuye mvua, imemnyea. Methali ya kwanza humwelekea anayesifiwa na kuonya juu ya udhaifu wake. Akishapata jina, huacha kuitunza kazi iliyompa jina hilo. Ya pili humwelekea anayesifu, nayo yaweza kufasiriwa kwa njia mbili. Kwa fasiri ya kwanza, msifuji ni shahidi wa kuaminika kwa kuwa anasema jambo lililompata mwenyewe. Kwa fasiri ya pili, msifuji ni mfaidi. Mtu ambaye shamba lake halikupata tone hana sababu ya kuishukuru mvua. Fasiri zote mbili ni sahihi, na ugumu wa suala linalojadiliwa hapa unatokana na usahihi huo wa pande mbili.

Makala haya yanazitumia methali hizo kama nyenzo za kuchunguza swali la kimaadili: je, taifa linaloinukia liziamini sifa linazopewa na mshirika mwenye nguvu kulishinda? Taifa linaloinukia, kwa muktadha huu, ni lile ambalo limeanza kuonekana na kusikika katika mambo ya dunia, lakini bado halina uwezo wa kuwalazimisha wengine walione jinsi linavyojiona lenyewe. Mshirika mwenye nguvu ni lile ambalo neno lake moja laweza kufungua au kufunga milango ya mikopo, silaha na masoko. Kwa kawaida suala hili huachiwa wanasiasa na wataalamu wa uhusiano wa kimataifa. Hata hivyo, sifa ilikuwa utanzu wa lugha kabla ya kuwa chombo cha diplomasia, na mhakiki wa fasihi, ambaye kazi yake ni kuuliza nani anasema, anamwambia nani, kwa lugha gani na kwa nini wakati ule, ana la kuchangia.

Hoja inayotetewa ni kwamba swali ambalo huulizwa mara nyingi, yaani iwapo msifuji ni mkweli au mnafiki, si swali la msingi. Sifa ya kweli yaweza kulidhuru taifa sawa na sifa ya uongo, na pengine zaidi, maana uongo hugunduliwa. Swali la msingi ni hili: sifa inapokubaliwa, kiti cha hakimu kinahamia kwa nani?

Dhana ya sifa

Katika kitabu chake cha balagha, Aristotle aliigawa sanaa ya kuhutubu katika mafungu matatu: hotuba za baraza, ambazo hushauri juu ya yajayo, hotuba za mahakama, ambazo huamua juu ya yaliyopita, na hotuba za hafla, ambazo husifu au kulaumu. Mambo mawili katika uchambuzi wake yana umuhimu wa pekee kwa mada hii. Kwanza, msikilizaji wa sifa, tofauti na mjumbe wa baraza au hakimu, huwekwa katika nafasi ya mtazamaji. Hatakiwi kuamua lolote, hutakiwa kupendezwa tu. Pili, sifa na shauri ni ndugu wa damu. Jambo ambalo mtu angemshauri mwenzake alitende laweza kugeuzwa kuwa sifa kwa kubadilisha namna ya kulisema tu.

Kwa mantiki hiyo, sifa ni shauri lililovishwa joho. Anayempongeza jirani kwa ukarimu wake mbele ya watu anamfungia njia ya kuwa bahili kesho. Vivyo hivyo, nchi inayosifiwa kwa uthabiti wake inaambiwa isibadilike. Inayosifiwa kwa ujasiri wa mageuzi ya uchumi inaambiwa izidi kukaza mkanda. Inayosifiwa kuwa mshirika wa kutegemewa inaambiwa isitafute tegemeo kwingine. Shauri la wazi laweza kujadiliwa na kukataliwa. Shauri lililokuja kwa sura ya sifa halijadiliwi, kwa sababu kulikataa ni kujivunjia heshima.

Plutarch, aliyeandika insha nzima juu ya namna ya kumtambua mbembelezi na kumtenga na rafiki, alionya kwamba mbembelezi hodari hamsifu mwenzake kila mara. Huiga hata ukali wa rafiki: hukemea makosa madogo kwa sauti kubwa ili ukimya wake juu ya makosa makubwa usitambulike. Uchunguzi huo una manufaa, lakini una mpaka wake. Plutarch alizungumzia watu wawili wanaoishi pamoja na ambao mmoja wao aweza kuyatoa mhanga maslahi yake kwa ajili ya mwenzake. Serikali haina uhuru huo. Waziri wa taifa kubwa amekabidhiwa mali na usalama wa raia wake mwenyewe, na akivitoa kwa ajili ya taifa jingine pasipo idhini yao atakuwa amekiuka dhamana. Kwa hiyo, taifa dogo linalotarajia sifa isiyo na maslahi linatarajia kwamba mwenzake ataivunja amana ya watu wake. Matarajio hayo ni kosa la kimaadili kabla ya kuwa kosa la kisiasa.

Tofauti hii hubainika zaidi sifa ya kidiplomasia inapolinganishwa na sifo katika fasihi simulizi ya Kiafrika. Imbongi wa Afrika Kusini hakuwa kasuku wa mtemi. Mapokeo yalimpa ruhusa ya kuchanganya sifa na lawama mbele ya umma, na ruhusa hiyo ilikuwa na msingi wa kijamii: msanii aliishi chini ya utawala aliousifu. Mtemi akiharibu, ng'ombe wa msanii nao walitekwa na watoto wake nao walilala njaa. Mvua aliyoisifu ilimnyea yeye pamoja na hadhira yake. Msifuji wa kigeni anasimama mahali pengine kabisa. Mvua iliyomnyea yeye si lazima iwe ndiyo iliyolinyea shamba la raia wa nchi anayoisifu.

Historia ya fasihi ya Kiswahili nchini Kenya ina mfano wa jinsi sifa ya mwenye nguvu inavyoweza kukipokea kitu na wakati huohuo kukitenga na maana yake. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichoihoji serikali. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Walioitoa tuzo walikuwa na haki ya kuisifia sanaa ile, na sifa yenyewe haikuwa ya uongo. Lakini iliwezekana kuusifu ufundi wa vina na mizani bila kuligusa swali ambalo mshairi alifungwa kwa kuliuliza. Sifa yaweza kuwa kweli tupu na bado ikawa njia ya kutosikia.

Zanzibar ya Sayyid Barghash

Mfano ulio wazi zaidi katika historia ya pwani ni ule wa Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Uhusiano wake na Waingereza ulianza kwa uadui. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua nduguye Majid. Waingereza walisaidia kulizima jaribio hilo, naye akapelekwa uhamishoni Bombay. Alipokuwa mtawala, alitakiwa na Uingereza kuikomesha biashara ya watumwa baharini. Alisita. Mwaka 1873 aliarifiwa kwamba manowari zingeifungia Zanzibar njia zote za bahari, na tarehe 5 Juni mwaka huohuo akatia sahihi mkataba na soko la watumwa likafungwa.

Miaka miwili baadaye, 1875, Barghash alialikwa Uingereza. Alipokelewa na Malkia Victoria, akakirimiwa na wakuu wa Jiji la London, akasifiwa kwa kulifunga soko lile. Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na kuchapishwa, na kwa hivyo safari yenyewe ikawa matini: kumbukumbu ya heshima ambayo mtawala wa Zanzibar alitendewa na dola kubwa kuliko zote wakati ule.

Mhakiki anapaswa kusita hapa, kwa maana jambo lililosifiwa lilikuwa jema. Wanadamu waliokuwa wakiuzwa kama mbuzi hawakujali iwapo soko lilifungwa kwa hiari au kwa shuruti. Tatizo ni kwamba sifa ya mwaka 1875 iliyafuta mazingira ya mwaka 1873. Tendo lililotendwa chini ya kivuli cha manowari lilisimuliwa upya kama tendo la moyo mkunjufu, na masimulizi hayo yaliwafaa wote wawili: msifiwa alirejeshewa staha yake, na msifuji akasahauliwa kuwa ndiye aliyemlazimisha. Waliokosekana katika masimulizi hayo ni watumwa wenyewe. Utumwa wa nchi kavu kisiwani uliendelea kutambuliwa kisheria mpaka mwaka 1897, na ukimya juu yao ulikuwa sehemu ya bei ya maelewano.

Ikumbukwe pia kwamba Barghash hakuwa mjinga kuwaamini washirika wake. Alikuwa na ushahidi. Mwishoni mwa mwaka 1875 majeshi ya Misri yalipoteremka Kismayu na Barawa, miji iliyokuwa chini ya Zanzibar, Uingereza iliishinikiza Misri na majeshi hayo yakaondoka. Balozi John Kirk alikuwa karibu naye kwa miaka mingi, na hapana sababu ya kudhani kwamba heshima ya Kirk kwake ilikuwa ya kuigiza. Tangu mwaka 1877 ofisa Mwingereza, Lloyd Mathews, alimjengea jeshi. Urafiki huo ulikuwa na matunda yaliyoonekana kwa macho.

Kisha ukaja mwaka 1885. Carl Peters alikuwa amezunguka bara, katika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akikusanya mikataba, na mwezi Februari Kaizari wa Ujerumani akayawekea maeneo hayo ulinzi. Barghash alipinga. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, na rafiki yake Kirk, kwa maagizo ya London, hakuwa na jingine la kumpa ila ushauri wa kukubali. Kwa mapatano ya mwaka 1886 baina ya Uingereza na Ujerumani, himaya ya Zanzibar upande wa bara ilipunguzwa ikawa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Barghash alifariki mwaka 1888, na mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza.

Kilichobadilika baina ya mwaka 1875 na 1885 si tabia ya Barghash. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu mwaka 1882 na ilimhitaji Bismarck asiizuie huko. Misri iliyoondolewa Kismayu kwa ajili ya Zanzibar ndiyo iliyokuja kulipiwa kwa Zanzibar. Hesabu hiyo ilifanywa mbali na kisiwa, na sifa zote za London hazikuwa na tarakimu ndani yake. Hapa ndipo fasiri ya pili ya methali ya mvua inapothibitika. Sifa za mwaka 1875 zilikuwa ushahidi wa kweli kuhusu hali ya anga ya mwaka 1875 katika shamba la msifuji. Barghash alizisoma kama ahadi kuhusu miaka ijayo. Kosa lake halikuwa kumwamini Kirk; lilikuwa kuuchukulia ukweli wa moyo wa mjumbe kana kwamba ni kiapo cha dola.

Kizazi kipya cha mwaka 1998

Zaidi ya karne moja baadaye, muundo uleule ulijirudia katika mazingira ya nchi huru. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, wanadiplomasia na wanahabari wa Marekani walikuwa wakizungumzia kizazi kipya cha viongozi wa Afrika. Waliotajwa mara nyingi ni Yoweri Museveni wa Uganda, Meles Zenawi wa Ethiopia, Isaias Afwerki wa Eritrea na Paul Kagame wa Rwanda. Rais Bill Clinton alizuru Ghana, Uganda, Rwanda, Afrika Kusini, Botswana na Senegal kuanzia mwezi Machi mwaka 1998. Mjini Entebbe alikutana na viongozi wa eneo hili, akiwemo Laurent Kabila wa Kongo, na lugha ya ziara ile ilikuwa lugha ya mwamko.

Haielekei kwamba sifa hizo zilikuwa ulaghai. Huko Kigali Clinton alikiri kwamba jumuiya ya kimataifa haikutenda ya kutosha wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Sifa kwa waliosimamisha mauaji ilitokana, kwa sehemu fulani, na majuto ya kweli. Aidha, yaliyosifiwa yalikuwepo: uchumi wa Uganda ulikuwa umefufuka, na dola ya Ethiopia ilikuwa imesimama upya baada ya miaka 17 ya utawala wa Derg. Lakini majuto ni msingi mbaya wa uhakiki. Mwenye deni la dhamira husifu ili alipe, na anayelipa deni haulizi maswali mengi juu ya matumizi ya fedha.

Mwezi Mei mwaka 1998, wiki chache baada ya ziara hiyo, Ethiopia na Eritrea ziliingia vitani kwa sababu ya Badme. Mwezi Agosti vita vilizuka upya Kongo, na majeshi ya Rwanda na Uganda yakavuka mpaka kumpinga Kabila yuleyule aliyekaa nao Entebbe. Mwaka 2000 majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani, katika nchi isiyokuwa yao. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda mwaka 2005 na mwaka 2022 ikaiamuru iilipe Kongo dola milioni 325. Nchini Eritrea, katiba iliyoidhinishwa mwaka 1997 haikutekelezwa. Nchini Uganda, ukomo wa mihula ya urais uliondolewa katika katiba mwaka 2005, na ukomo wa umri mwaka 2017.

Si haki kudai kwamba sifa ndizo zilizoleta vita hivyo. Vilikuwa na mizizi yake katika mipaka, usalama na mali. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni hili: sifa ziliwapa watawala jina ambalo raia wao hawakuulizwa kama wanalikubali. Neno kizazi linastahili kuangaliwa na mhakiki. Kizazi huzaliwa katika ukoo na hutambuliwa na ukoo. Hapa kizazi kilibatizwa na mtu wa nje, na sifa iliyowaunganisha waliobatizwa ilikuwa jinsi walivyoonekana kutokea Washington. Meles na Isaias waliwekwa katika jina moja miezi michache kabla ya kupelekeana makumi ya maelfu ya vijana mahandakini.

Kenya, Juni 2024

Mfano wa tatu uko karibu. Mwezi Mei mwaka 2024 Rais William Ruto alipokelewa mjini Washington kwa ziara ya kitaifa, ya kwanza kwa kiongozi wa Kiafrika tangu mwaka 2008. Rais Joe Biden alitangaza nia ya kuipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuipata. Hadhi hiyo ilitiwa sahihi tarehe 24 Juni. Tarehe 25 Juni kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kiliwasili Haiti kulinda amani, na siku hiyohiyo polisi wa Kenya waliwafyatulia risasi vijana walioandamana jijini Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha na walioingia katika majengo ya Bunge. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Rais alikuwa amekataa kuutia sahihi mswada huo tarehe 26 Juni.

Matini mbili zilitolewa juu ya nchi moja kwa muda wa siku mbili. Ya kwanza iliandikwa na mshirika na ilisema kwamba Kenya ni nguzo. Ya pili iliandikwa na raia, kwa mabango na kwa miili yao, nayo ilisema kwamba nguzo imewaelemea. Hakuna iliyokuwa ya uongo. Mshirika alinyewa na mvua ya huduma aliyoihitaji: askari wa kwenda alikokuwa hataki kupeleka wake. Raia walikuwa katika jua. Swali la kimaadili lililomkabili mtawala halikuwa kama amwamini Biden. Lilikuwa ni matini ipi aisome kwanza. Na kama ushahidi zaidi ulihitajika juu ya tabia ya hadhi inayotolewa na mwingine, mwaka 2025 lilitolewa pendekezo katika Seneti ya Marekani kwamba hadhi hiyo ichunguzwe upya, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhusiano wa Kenya na Uchina. Joho la kuazima, mwenyewe hulidai.

Pingamizi

Hoja hizi zaweza kupingwa kwa namna tatu. Pingamizi la kwanza ni kwamba sifa ni rasilimali. Mwekezaji na mkopeshaji husikiliza yanayosemwa na mataifa makubwa, na taifa maskini linalokataa sifa kwa ajili ya usafi wa moyo linawanyima watu wake mkate. Pingamizi hili lina nguvu, na linafaa kukubaliwa. Lakini kuitumia sifa si sawa na kuiamini. Mgema mwenye busara hutumia jina lake zuri kuuzia tembo. Hatumii jina hilo kama kipimo cha utamu wa tembo lenyewe. Kipimo kimo mdomoni mwa mnywaji.

Pingamizi la pili ni kwamba tahadhari hii ni kinga nzuri kwa madikteta. Mtawala akifundishwa kutoziamini sifa za nje, atakuwa pia amefundishwa kuzipuuza lawama za nje, na lawama hizo zimewahi kuwafaa wananchi. Mwezi Novemba mwaka 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya, na mwezi uliofuata chama cha KANU kikakubali kufutwa kwa kifungu cha 2A cha katiba. Ni kweli. Hata hivyo, serikali iliyolaumiwa mwaka 1991 ndiyo iliyosifiwa katika miaka ya 1980, wakati ambapo bandari ya Mombasa ilikuwa wazi kwa manowari za Marekani kwa mapatano ya mwaka 1980, na wahadhiri, akiwemo Al-Amin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki, walikuwa kizuizini. Kati ya vipindi hivyo viwili kilichokuwa kimeanguka ni ukuta wa Berlin. Mobutu Sese Seko alipitia njia hiyohiyo kwa upesi zaidi: mwaka 1989 alikuwa mgeni wa heshima wa Rais George Bush, mwaka 1997 alifariki uhamishoni Rabat baada ya kupinduliwa. Lawama ya mshirika, kama sifa yake, hueleza hali ya hewa kwake. Waliokiondoa kifungu cha 2A ni pamoja na waliokwenda Kamukunji na Saba Saba mwaka 1990, kabla Paris haijasema neno. Lawama ya nje ilikuwa na thamani kwa sababu iliikuta lawama ya ndani imekwisha kusimama.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote: kwamba kumshuku kila anayesifu ni ugonjwa wa roho. Mtu asiyeweza kupokea neno jema hawezi kuwa na rafiki, na taifa lililowahi kutawaliwa laweza kuugua maradhi hayo hadi kila mkono unaonyooshwa kwake uonekane una kisu. Jibu ni kwamba shaka si chuki. Mhakiki anayeihoji shairi halichukii. Analipa heshima ya kulisoma hadi mwisho. Kadhalika, taifa linaloisoma sifa kwa makini linamheshimu msifuji kuliko lile linaloibugia, maana linamchukulia kuwa mtu mzima mwenye maslahi yake na wajibu wake, wala si malaika wala shetani.

Namna ya kuisoma sifa

Kutokana na mjadala huu, vyaweza kupendekezwa vigezo vinne. Cha kwanza ni gharama: je, msifuji yuko tayari kulipia maneno yake? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mwaka 1885 ndio ulioipima sifa ya mwaka 1875. Cha pili ni ukimya: ni jambo gani ambalo sifa imelipitia kando, na ni nani ambaye hakutajwa? Katika London ya Barghash ni watumwa wa mashamba ya karafuu. Katika Washington ya Mei 2024 ni vijana wasio na ajira. Cha tatu ni shauri lililofichwa: sifa ikivuliwa joho lake, inaagiza nini? Cha nne, kilicho muhimu kuliko vyote, ni utambuzi: je, waliotawaliwa, wakisomewa sifa hiyo katika lugha yao, watajitambua ndani yake?

Kigezo hiki cha nne ndicho kinacholirudisha suala mahali pake. Mtawala aliyechaguliwa ameshika dhamana, na mwenye dhamana hana haki ya kumchagua hakimu anayempendeza. Anapoyaweka maneno ya mshirika mbele ya maneno ya raia, hadanganywi na mtu. Anakihamisha kiti cha hakimu kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo kosa la kuamini sifa, linapotokea, si la msifuji. Msifuji amefanya kazi yake.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba taifa linaloinukia halina sababu ya kuzikataa sifa za mshirika mwenye nguvu, wala halina haki ya kuziamini kwa maana ya kuzifanya hukumu juu yake lenyewe. Sifa ni ushahidi, na kila ushahidi humhusu kwanza anayeutoa. Zanzibar ya 1875, Entebbe ya 1998 na Nairobi ya 2024 zinatofautiana kwa mengi: ya kwanza ilikuwa usultani, za pili na tatu ni jamhuri zenye katiba na wapiga kura. Tofauti hiyo inauzidisha wajibu. Barghash hakuwa na raia ambao sheria ilimtaka awasikilize, na kwa hiyo alipopotezwa na sifa alipoteza nchi ambayo kwa mtazamo wa zama zake ilikuwa mali yake. Rais wa jamhuri hupoteza kitu ambacho hakikuwa chake.

Methali ya mgema haisemi ni nani aliyesifu. Huenda alikuwa mnywaji wa kweli aliyeburudika kwa dhati. Haimlaumu, wala haidai kwamba alisema uongo. Inayemtazama ni mgema aliyeshuka mnaziani na kibuyu chake, akijua kwamba usiku ule wanakijiji watakinywa alichokichanganya.